Naomba ushauri: mgeni ni mmoja, taarifa inasomeka kama kundi

Wakuu, shikamooni. Wa rika langu, habari zenu.

Natembeza wageni hapa Mikindani, Mtwara: boma la Wajerumani, nyumba za kale, ufukweni. Kila safari ikiisha namwandikia bosi taarifa kwa Kiingereza. Safari hii nina mgeni transijenda (yaani jinsia anayojitambua nayo si ile aliyoandikiwa alipozaliwa) kutoka Uingereza, ameomba kwa upole asiitwe "he" wala "she", aitwe "they".

Kwa Kiswahili sina taabu. Amefika, amekula pweza, amelala. Nani atajua ni mume au mke? Kiingereza ndicho kinanitoa jasho. Niliandika "they arrived", bosi akapiga simu: wamefika wangapi, mbona malipo ni ya mmoja? Nikajaribu kurudia jina kila sentensi, ikasomeka kama maelezo ya polisi.

Nimepekua kidogo. "They" ya mtu mmoja Waingereza wanayo tangu karne ya 14, na kamusi ya Merriam-Webster ililifanya neno la mwaka 2019. Waswidi wao walitunga "hen", neno la kumtaja mtu bila kusema ni mume au mke, likaingia kamusi ya akademia yao 2015. Kwa hiyo sidhani Kiingereza kinahitaji neno jipya, ila mimi si mwalimu.

Naomba mnisaidie: mtu akiwa mmoja na jina lake linajulikana, ni "they is" au "they are"? Na sentensi niipangeje bosi asihesabu watu wawili, bila kumvunjia mgeni heshima? Taarifa ya pili natakiwa kuituma Jumamosi.