Kwani ukienda kwa mama ntilie huwa unauliza mchele wa wapi?!

Mdomo Wangu Mwenyewe (mleta uzi)

Wakuu, salamu baadaye. Naandika nikiwa kwenye bajaji, foleni ya Morocco haisogei, na moyo unanidunda kama nimekimbizwa na mbwa.

Yule dada wa midomo. Mnamjua. Mwenye koti jeupe linalombana, anayejirekodi akichoma watu fila, zile sindano za kujaza midomo, huku anatafuna bigijii. Simtaji na sina haja ya kumtaja, nusu ya midomo ya mji huu imepita mikononi mwake.

Leo saa saba mchana, mbele ya wateja sita, nimemuuliza swali moja, kwa adabu zote nilizofundishwa na mama yangu: "Samahani dada, hii fila utakayonichoma ni ya aina gani?" Akanitazama kuanzia kwenye kandambili hadi kwenye mtandio, taratibu, kama anapima kitambaa. Kisha akasema:

"Kwani we ukienda kwa mama ntilie huwa unauliza mchele wa wapi?"

MCHELE. Jamani, mchele!

Wakacheka. Walicheka mpaka mmoja aliyekuwa ameshapakwa dawa ya ganzi mdomo ukamshinda kufunga, mate yakamchuruzika hadi kwenye simu yake. Dada wa mapokezi alilaza kichwa mezani. Feni yenyewe naapa ilipunguza mwendo isikilize.

Sasa niwaeleze. Mimi sikwenda pale kwa kuiga mtu. Nilianguka na baiskeli nikiwa darasa la tano, mdomo wa juu upande wa kushoto ukapasuka, ukashonwa, ukabaki umezama ndani. Miaka yote hii kila picha nimegeuza shingo. Za harusi yangu mwenyewe, nimegeuza shingo. Zamu yangu ya mchezo imetoka Jumamosi, nikasema hapana, mwaka huu najitengeneza. Sikukurupuka. Dada yangu yuko Muscat, mwaka jana alichomwa na daktari wa ngozi. Daktari alimwekea boksi mezani likiwa limefungwa, akalifungua yeye akiona. Ndani bomba moja la mililita moja, lina jina, lina namba ya toleo, lina tarehe ya kuisha. Akabandua stika moja akabandika kwenye faili, ya pili akampa. Dada yangu ile stika anatembea nayo nyuma ya kava la simu mpaka leo. Ndiye aliyenifundisha: kabla ya kuuliza bei, uliza ni nini.

Maana fila si kitu kimoja, wakuu! Kuna ya hayaluroni, kitu ambacho hata mwili unacho kwenye ngozi na kwenye maungio. Hiyo inakaa miezi sita, pengine mwaka, inayeyuka yenyewe, na ikienda vibaya kuna dawa ya kuiyeyusha inaitwa hayaluronidezi. Na humo humo kuna laini za mdomo na nzito za shavu na kidevu, huwezi kuchukua ya kidevu ukaweka mdomoni. Kuna ya kalsiamu, hiyo mdomoni haitakiwi kabisa, inaacha vinundu na ile dawa haiigusi. Halafu kuna silikoni ya maji. Hiyo ukishaingiziwa umeoana nayo, inahama, inajikusanya inapotaka, na hata ukipasuliwa haitoki yote. Hayo yote ndiyo niliyotaka kujua. Jibu lake lilikuwa neno moja tu!

Badala yake, mchele.

Na mngeona alichotoa. Alifungua friji, ile ile yenye soda na chupa za maji, akatoa bomba la sindano la kawaida, lile kubwa la mililita tano la hospitali. Halina karatasi. Halina jina. Limeshajazwa, mdomo wake umezibwa kwa plasta iliyokunjamana, na cha ndani kina rangi ya ute wa yai la jana. Mililita tano! Wenzetu mdomo mzima wanaweka nusu hadi moja. Kwa ujazo ule mdomo ungefika Kibaha, mimi bado niko Ubungo. Nikamuuliza, je, kikiziba mshipa, dawa ya kuyeyusha unayo? Akasema, "Utaweka barafu." Akageuka, akawaambia wenzake, "Huyu kaja kununua mchele."

Nimedai advansi yangu ya Sh 80,000, hairudishwi. Nashuka ngazi, mlinzi wa getini, sijui nani kamwambia, ananiangalia hivi: "Dada, umekosa mchele?"

Nina hasira. Nina hasira mpaka masikio yamepata joto.

---

Chuma cha Pua

Uzi bila picha ni chai. Leta mdomo tuuone.

---

Mkwezi wa Mafia

Mimi kwa mama ntilie siulizi mchele wa wapi. Naona huyo wa koti jeupe kauliza swali la maana tu 😂😂😂

---

Shangazi wa Tandale

Pole mwanangu, na ushukuru. Huyo huyo, wala usihangaike kumtaja, alinichoma mwaka juzi. Nikamuuliza imetoka wapi, akasema Ulaya. Nikamuuliza Ulaya ya wapi, akasema "Ulaya ni Ulaya, mama." Baada ya miezi kadhaa kitu kikahama, kikapanda juu ya mdomo kikatulia pale. Sasa nina tuta la sharubu kuliko mume wangu. Nimekwenda kwa daktari mwingine anisaidie, kaniuliza swali la kwanza: ulichomwa nini? Nikakaa kimya kama mwanafunzi.

---

Mdomo Wangu Mwenyewe

Shangazi, hicho ndicho nilichokuwa nakikimbia. Pole sana mama.

Na wewe Mkwezi, mchele ukiwa mbovu unausukuma pembeni ya sahani, unadai chenji, unaondoka. Hiki kinaingia kwenye nyama ya uso wangu! Nitaking'oa kwa kijiko?

Mbele ya watu sita, wakuu. Sita.

---

Nesi wa Zamu

Mleta uzi yuko sahihi na naomba watu wasome kabla ya kucheka. Mdomoni kuna ateri, ya juu na ya chini, na haiko mbali na ncha ya sindano. Fila ikiingia ndani ya mshipa au ikiubana kwa nje, ngozi inakuwa nyeupe ghafla, halafu yanatokea madoa ya zambarau kama wavu, na maumivu yanazidi kile ulichofanyiwa. Ukibonyeza kwa kidole ukaachia, damu inachelewa kurudi. Hapo siyo barafu! Barafu inabana mishipa zaidi. Ni kuacha kuchoma papo hapo, kukanda kwa vuguvugu, na kumwaga hayaluronidezi ya kutosha, tena upesi, kabla nyama haijafa. Na dawa hiyo inafanya kazi kwa hayaluroni peke yake. Asiyejua amekuchoma nini hajui akuokoe kwa dawa gani.

Na jingine. Wenye vidonda vya homa mdomoni vinavyorudirudi waseme mapema, wapewe dawa ya virusi kabla. Sindano inaviamsha.

---

Chuma cha Pua

Nesi kaleta gazeti zima. Picha je?

---

Mrembo Halali

Nyie mlioonyeshwa sindano mna bahati. Mimi nilifanyiwa na ile kalamu ya presha isiyo na sindano, kwenye saluni ya KUCHA. Mtu alikuwa ananipaka rangi vidoleni, akaniambia "nikupe na midomo, ofa?" Tah! Tah! Tah! Kama anapiga stepula. Nikarudi nyumbani na sambusa mbili usoni, mtoto wangu akakataa kunyonya. Baadaye ndiyo nasoma FDA, wale wasimamizi wa dawa wa Marekani, walitoa onyo Oktoba 2021 watu wasiziguse kabisa hizo kalamu. Mwaka huo wote mimi nilikuwa wapi?

---

Babu Kahawa

Enzi zetu mdomo ulirefushwa kwa umbea, na ulikuwa bure.

---

Kidali Po

Wa kulaumiwa ni Kylie Jenner, yule nyota wa televisheni wa Marekani. Alikataa wee kwamba kachoma midomo, 2015 akakiri, tangu siku hiyo mji mzima umevimba.

---

Mdomo Wangu Mwenyewe

Babu, kama huna la kusaidia kunywa kahawa yako. Mimi sizungumzii urembo wa watu wa televisheni. Nazungumzia mtu mzima mwenye koti jeupe kuulizwa "hiki ni nini?" akashindwa kujibu. Kama alikuwa nacho halali, si angetoa boksi? Sekunde mbili! Boksi, jina, tarehe, mimi nalala kwenye kitanda, yeye anapata hela yake yote. Alichokosa ni boksi, ndiyo maana akaleta mchele.

---

Yadi Sita

Afadhali wewe hujachomwa. Fundi wangu wa cherehani, simtaji, yupo pale pale mnapopajua, nimempa kitenge yadi sita anishonee gauni la send-off. Kanirudishia nguo ya kumvalisha mwanasesere. Nikamuuliza kitambaa kingine kiko wapi, kanijibu "kimeingia kwenye mshono." MSHONO GANI WA YADI TATU?

---

Shangazi wa Tandale

Yadi Sita, mtoto wake kavaa shati la kitenge hicho Jumapili kanisani, utaona.

---

Yadi Sita

Shangazi!!! Nimemwona!!! Nikadhani macho yangu!

---

Mdomo Wangu Mwenyewe

Jamani. JAMANI. Nimefika nyumbani, sijavua hata viatu, yule dada kanitumia ujumbe wa sauti WhatsApp. Nimeusikiliza mara nne. Anasema, kwa sauti ya kubembeleza kabisa: "Dada rudi kesho, usikasirike. Nimekuwekea wa Kyela."

Na nyuma yake nawasikia wanacheka. Wale wale sita, hawajaondoka! Saa kumi na mbili jioni wako pale pale wananisubiri mimi!

WA KYELA. Mtu ana maisha ya watu kwenye ncha ya sindano anafanya mchezo wa kuigiza.

---

Mkwezi wa Mafia

Nimeanguka. Nimeanguka chini na kiti 😂😂😂

---

Mtu wa Kahama

Na amekosea hata hapo. Angesema wa Kahama ningemwelewa. Wa Kyela mmeukuza sana.

---

Ndizi Kyela

Wewe Kahama nyamaza. Mchele wa Kyela ukipikwa nyumba ya tatu wanaleta sahani. Wa kwenu mpaka umwage nazi ndiyo unaanza kunukia chakula.

---

Mtu wa Kahama

Wa Kyela upi? Unaonunua Manzese? Hilo gunia limeandikwa Kyela, mchele umetoka Mbarali, muuzaji mwenyewe hajawahi kuvuka Morogoro. Ndiyo maana mwenye akili anauliza mchele wa wapi!

---

Mdomo Wangu Mwenyewe

Asante! Hata mchele watu wanauliza! Umeandikwa hivi, ndani ni vingine, watu wanauliza. Sasa sindano?

---

Ndizi Kyela

Mbarali mchele mzuri pia, tusidanganyane. Ila harufu hapana.

---

Bi Mkubwa wa Darajani

Nyote hamjui kula. Huku kwetu Unguja pilau la shughuli ni basmati, punje imesimama moja moja. Huo wenu unaonata ni wa kulia mchuzi wa papa.

---

Mtu wa Kahama

Bi Mkubwa, kwa heshima zote, basmati ni tambi zilizokatwakatwa.

---

Bi Mkubwa wa Darajani

Astaghfirullah. Nani kamfungulia huyu mlango?

---

Nesi wa Zamu

Narudi kwenye mada. Dada, andika tarehe na saa, tunza huo ujumbe wa sauti na risiti ya advansi, peleka TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kuhusu hilo bomba lisilo na lebo. Kama anajiita daktari, nenda na Baraza la Madaktari wakuangalizie kama yumo kwenye orodha yao. Na kovu lako hilo, muone daktari wa ngozi au wa upasuaji wa kurekebisha. Kovu lililozama si sawa na mdomo mwembamba, pengine linahitaji kulegezwa kwanza kabla ya fila yoyote.

---

Mdomo Wangu Mwenyewe

Nesi, Mungu akubariki. Umeniambia kitu ambacho yule hakukiangalia hata kwa kunigusa mdomo. Hakuniangalia kovu! Nimekaa pale dakika arobaini, hajaligusa kwa kidole. Kesho asubuhi naanza na TMDA, ujumbe nao, risiti ninayo.

Na naomba tusihamishe uzi. Mada ni bomba lisilo na jina.

---

Chuma cha Pua

Picha ya bomba basi.

---

Yadi Sita

Nesi, na fundi cherehani anashtakiwa wapi?

---

Mzee wa Babati

Nimesoma uzi wote kuanzia juu. Hamjala mchele wa Magugu nyie. Mnapigana bure.

---

Mtu wa Kahama

Wa Magugu naukubali. Huo sina ugomvi nao.

---

Ndizi Kyela

Hata mimi. Ila unapatikana kwa shida.

---

Mdomo Wangu Mwenyewe

Watu SITA, wakuu. Mbele ya watu sita.

---

Shangazi wa Tandale

Pole tena mwanangu, lala, kesho uwahi. Mzee wa Babati, huo wa Magugu kwa hapa Dar naupata wapi? Nina shughuli Jumamosi, watu mia na kitu. Niwekee bei ya gunia, na useme kama mnaleta mpaka Tandale.