Naomba ushauri: pesa za mume wangu zinaninyima usingizi

Bwana asifiwe, wapendwa. Naishi Likoni, Mombasa, nauza nafaka soko la Kongowea. Mume wangu hushughulikia hati za mizigo pale bandari ya Kilindini, na kanisani ni mzee wa kanisa. Juzi alinieleza mwenyewe kwamba mwajiri wake humtaka aandike thamani ya chini ili ushuru upungue, kisha humpa bahasha. Bahasha hizo ndizo zimemlipia karo kifungua mimba wetu. Jumapili anazitolea fungu la kumi, nami nimeketi kando yake, kimya.

Nilimkumbusha Zakayo, yule mtoza ushuru katika Luka 19, aliyeahidi kurudisha mara nne alichonyang'anya watu. Akanijibu, "Mama watoto, nikikataa, kesho atakaa mwingine mezani pangu. Hawa watasoma na nini?" Nikakosa neno. Si mtu mbaya jamani; hata feri ikimchelewesha, halali kabla ya kuwaombea watoto.

Nikimwendea mchungaji, nitakuwa nimemvua nguo baba watoto. Nikinyamaza, nami nala humo humo. Mliopitia haya mlianzia wapi? Na karo ya muhula ujao niikatae, hata mtoto akirudishwa nyumbani?