Hii stori ya "OK" kuwa "0 Killed" iishe sasa, nimechoka!

Wakuu, kwema?

Jana kwenye semina ya kazini, mwezeshaji aliyelipwa pesa ya maana kasimama na projekta yake anatuambia eti neno "OK" lilizaliwa kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Askari wakirudi kambini wanaandika ubaoni "0 Killed", yaani leo hajauawa mtu. Ukumbi mzima makofi! Kabla ya chai slaidi imeshapigwa picha, inazunguka kwenye magrupu.

Jamani! Vita hiyo ilianza 1861. OK ilishachapwa gazetini tarehe 23 Machi 1839, kwenye Boston Morning Post, imeandikwa "o.k." kwa herufi ndogo na nukta zake, na maana imewekwa palepale: "all correct", yaani yote sahihi. Miaka 22 kabla ya vita. Hiyo sifuri imeingilia wapi?

Tena ukweli wenyewe ni mtamu kuliko huo uongo. Wahariri wa Boston enzi hizo walikuwa na utani wa kufupisha maneno huku wakiyakosea makusudi, kama vijana wetu na "xaxa" yao. "All right" wakaifanya "oll wright", ikawa O.W. "All correct" ikawa "oll korrect". Utani mwingi wa aina hiyo ulikufa. OK iliokolewa na siasa: uchaguzi wa 1840, Rais Martin Van Buren, mzaliwa wa Kinderhook, New York, wafuasi wake wakamwita Old Kinderhook na kuanzisha O.K. Club. Kura hazikutosha, mpinzani wake Harrison akamgaragaza, ila neno likabaki mjini.

Yote haya Profesa Allen Walker Read wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, alishayafukua kwenye magazeti ya zamani na kuyachapisha 1963 na 1964. Sisi bado tunabishana kwa meseji za kufowadiwa!

Halafu mwezeshaji akaongeza eti OK maana yake "bora kabisa". Mpikie Mwingereza, akikwambia chakula kilikuwa "OK", usijisifu.

Nikanyoosha mkono, nikamuuliza hiyo vita ilikuwa mwaka gani. Jibu: "Ndugu, tusipoteze muda kwa vitu vidogo." Na jirani yangu naye ananinong'oneza nisijifanye mjuaji. Kumbe kuuliza mwaka ni ujuaji siku hizi!

Sasa mwenye ushahidi wa "0 Killed" wa kabla ya Machi 1839 auweke hapa. Skrinshoti za magrupu sitaki kuziona.