Punda wa maji wanatibiwa, vidonda vya mgongo vinarudi: kasoro iko wapi?

Mratibu_Kati

Wakuu, habari za kazi. Kikundi chetu cha ustawi wa wanyama kinahudumia vijiji kadhaa vya Bahi na Chamwino, Dodoma. Kila baada ya miezi miwili tunafanya siku ya tiba kwa punda: tunasafisha vidonda, tunapulizia dawa ya bluu, tunawanywesha dawa ya minyoo, na afisa mifugo anawachoma sindano wenye usaha. Tukirudi, punda walewale wana vidonda palepale. Wengi wanabeba maji mgongoni, madumu manne ya lita 20 kila safari. Wengine wanavuta mikokoteni. Mfadhili yuko tayari kuongeza dawa au kununua matandiko 60 yaliyokwisha kushonwa. Tuchukue lipi? Na kuna namna ya kushona matandiko kwa vitu vinavyopatikana gulioni?

Fundi_Turubai

Mkuu, kabla ya kuchukua chochote, angalieni kidonda kimekaa wapi, maana mahali penyewe panataja sababu. Kidonda juu ya uti wa mgongo ni tandiko linalogandamiza mfupa. Nyuma ya kwapa ni kamba nyembamba ya tumbo, mara nyingi ya manila. Chini ya mkia ni kamba ya kuzuia tandiko lisisogee mbele. Shingoni ni nira. Miguuni ni kufungwa kamba usiku. Andikeni hayo kwenye daftari la siku ya tiba, badala ya neno "kidonda" peke yake, na mtajua pesa iende wapi.

Kwa punda wa madumu, karibu kila mara kosa ni gunia moja lililokunjwa na kutupwa mgongoni. Mzigo wote unakaa juu ya mfupa. Tandiko linalofaa ni mito miwili mirefu, mmoja kila upande, yenye mfereji katikati wa upana wa vidole vinne, ili uzito ukae kwenye mbavu zenye nyama na uti wa mgongo upate hewa.

Vifaa: gunia la katani, turubai la pamba au blanketi kuukuu kwa upande unaogusa ngozi, nyasi kavu laini za kujazia, shazia (sindano kubwa ya kushonea magunia) na uzi wa katani. Jaza mpaka mto ukikandamizwa kwa kiganja ubaki na unene wa sentimita 4 au 5. Unganisha mito kwa vipande viwili vya turubai, mbele na nyuma, vinavyopita juu ya mfereji bila kugusa mgongo. Mkanda wa tumbo uwe na upana wa sentimita 7 hivi, wa turubai lililokunjwa mara mbili au mkanda wa kiti cha gari, na uache nafasi ya vidole viwili.

Kiroba cha plastiki kisiguse ngozi. Hakinyonyi jasho, kinateleza, na mshono wake unakwaruza. Tyubu ya tairi nayo watu wanaipenda kwa sababu haikatiki, lakini inanasa manyoya na kuchemsha ngozi.

Linaloharibu hata tandiko zuri ni nyasi kulala. Baada ya wiki chache mto unakuwa bapa na mfereji unatoweka. Kwa hiyo acheni mdomo wa mto unaofungwa kwa kamba ili mwenyewe aongeze nyasi, msiushone ukafungwa moja kwa moja. Na upande wa ndani ufuliwe kila wiki. Chumvi ya jasho ikikauka inakuwa msasa.

Matandiko 60 ya kiwanda ningeyakataa. Punda hawana kifua cha ukubwa mmoja, na kitu cha bure kilichoshonwa vizuri kinaonekana sokoni mwezi unaofuata.

Daktari_Mifugo_TZ

Naongezea upande wa mzigo na tiba.

Madumu manne ni kilo 80 kabla ya tandiko. Pimeni mzunguko wa kifua kwa futi ya fundi cherehani, nyuma kidogo ya miguu ya mbele. Punda mzima mwenye sentimita 110 ana takriban kilo 115 hadi 120. Mzigo wa mgongoni usizidi theluthi ya uzito wake, yaani madumu mawili yasiyojaa kabisa kwa huyo. Akibebeshwa manne, hata tandiko bora halitamwokoa. Mwenye punda atasema safari zitakuwa mbili, na ni kweli, kwa hiyo mazungumzo ya mgongoni mara nyingi yanaishia kwenye mkokoteni, ambao punda huyohuyo anauvuta na mzigo mkubwa zaidi kama njia ni tambarare na magurudumu yana upepo.

Kidonda: kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa, kwenye nusu lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Mwagia, usisugue. Dawa kali za kuulia vijidudu zikitiwa kila siku zinaua nyama mpya na kidonda hakifungi. Dawa ya nzi ipakwe kuzunguka kidonda, si ndani. Oili chafu, maji ya betri na majivu ya moto mtayakuta vijijini. Yakatazeni kwa upole lakini bila kuzunguka. Kisha mgongo upumzike mpaka ngozi ifunge kabisa. Kidonda kilichofika kwenye mfupa kinataka daktari. Bluu inakificha tu.

Mambo matatu yanasahaulika. La kwanza ni pepopunda: punda huathirika kirahisi sana, na kila kidonda ni mlango. Chanjo ni dozi mbili zilizoachana wiki 4 hadi 6, halafu ya kuongeza nguvu baada ya mwaka. Fedha ya dawa iende hapo kwanza. La pili, minyoo: kila miezi miwili ni mara nyingi mno, mnawazoesha minyoo dawa. Mara mbili kwa mwaka inatosha kwa wengi, na punda aliyekonda akaguliwe meno kabla ya kunyweshwa chochote. La tatu, msimruhusu mtu kumwogesha punda kwenye josho la ng'ombe lenye amitrazi, dawa ya kuua kupe. Ng'ombe wanaivumilia, kwa punda inasimamisha utumbo na anaweza kufa kwa msokoto wa tumbo.

Mwana_wa_Amu

Ndugu zangu wa bara, hapa Lamu shirika la punda la Uingereza, The Donkey Sanctuary, wana kliniki tangu 1987, na tiba ni bure. Faida kubwa ya kliniki isiyohama ni kwamba punda huletwa kidonda kikiwa kibichi. Mkija kila miezi miwili mnakutana na makovu yaliyochubuka upya tu. Kama hamuwezi kuwa na kliniki, wekeni mtu mmoja aliyefundishwa kwenye kila kisima, mwenye chumvi, sabuni, shazia na namba ya simu ya daktari. Sindano ya dawa asishike.

Huku kazi nyingi ni mawe, saruji na mchanga ndani ya shogi, yaani mfuko wa pande mbili unaoning'inia mgongoni mwa punda. Mchanga humdanganya mpakiaji: ndoo ya lita 20 hupita kilo 30, ukiloa zaidi. Pia pande mbili za shogi zikitofautiana, tandiko hupinda na kuuma upande mmoja. Kwa madumu ni hivyohivyo. Anayeteka lazima ajaze na kushusha pande zote mbili kwa zamu.

Na mikutano ifanyeni kisimani asubuhi. Ofisini kwa mtendaji watakuja wenye punda, lakini anayemfunga na kumpakia ni mtoto au mke, naye hakualikwa.

Mratibu_Kati

Ahsanteni sana. Mikokoteni yetu mingi inatumia nira ya ng'ombe, na vidonda vya shingo ni vingi. Tubadilisheje bila gharama kubwa? Na baadhi ya viongozi wanataka tuanze na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, watu waogope.

Fundi_Turubai

Nira inafanya kazi kwa ng'ombe kwa sababu inasukumwa na nundu. Punda hana nundu. Nira inagonga mifupa ya shingo na nguvu yake ya kifua inapotea bure. Mpeni mkanda wa kifua, upana sentimita 7 hadi 10, turubai la tabaka kadhaa lenye blanketi ndani. Ukae juu ya kiungo cha bega na chini ya koromeo, ukishikiliwa na mkanda mwembamba unaopita juu ya shingo. Ukipanda, anakabwa, ukishuka, hatua zinafupika. Mjaribuni kwenye mlima mdogo: akianza kukoroma, shusheni kidogo.

Miti ya mkokoteni ishikiliwe na kijitandiko cha mgongoni chenye mfereji uleule. Mzigo uwe juu ya ekseli: uinue miti kwa mkono mmoja, iwe myepesi lakini isijinyanyue yenyewe. Na msisahau mkanda wa kupita nyuma ya mapaja. Bila huo, kwenye mteremko mkokoteni unampiga miguu.

Gharama: mwenye punda alete gunia, blanketi na nyasi, kikundi kitoe mikanda, pete za chuma na siku mbili za fundi wa kijiji hichohicho. Huyo fundi alipwe, kwa sababu ndiye atakayerekebisha mkiondoka.

Daktari_Mifugo_TZ

Sheria ipo na ina kazi yake kwa anayepiga au kutelekeza. Lakini mkianza nayo, punda wabaya zaidi watafichwa porini siku ya tiba, na ndio mnaowatafuta.

Kwenye taarifa ya mfadhili, idadi ya "punda waliotibiwa" inapanda hata kazi ikishindwa, maana huyohuyo anahesabiwa kila mara. Mpeni kila punda namba kwenye daftari kwa rangi, jina la mwenyewe na kisima. Rudini siku ya 14 kwa walioshonewa matandiko, ingizeni mkono kwenye mfereji mzigo ukiwa juu. Vidole vikikwama, ongezeni nyasi palepale.