Serikalini laki tano, kiwandani laki na nusu. Hii nchi ni moja kweli? (Mjadala wa mtandaoni, katikati ya 2025. Viwango vya mishahara vinavyotajwa ni vya wakati huo, kabla amri mpya ya sekta binafsi haijaanza Januari 2026.)

Kuli wa Zamani
Wadau, Mei Mosi pale Singida tumesikia wote: kima cha chini serikalini kinatoka 370,000 kwenda 500,000 kuanzia Julai hii ya 2025. Asilimia 35.1. Watumishi hongereni. Sasa sisi wa sekta binafsi? Amri ya mishahara inayotuhusu ni ile iliyoanza Januari 2023, na kwa viwanda na biashara imeandikwa 150,000. Gawanya kwa siku 26 za kazi, haifiki elfu sita kwa siku. Hapo NSSF bado haijakata chake.

Niko kiwanda cha plastiki. Zamu ya usiku unasimama kwenye mashine mpaka viatu vinabana, asubuhi unavivua kwa kuvuta. Bosi akibadilisha gari tunaambiwa kampuni inakua. Swali langu ni moja tu: kwa nini kima cha chini cha binafsi kisifungwe kwenye cha serikali, kikipanda kule na huku kipande?

Mchumi Bila Cheti
Mkuu, kikifungwa hivyo kesho nusu yenu mko getini mnasoma majina ya waliopunguzwa. Serikali inalipa kwa kodi, kiwanda kinalipa kwa mauzo. Kutoka 150,000 kwenda 500,000 ni zaidi ya mara tatu, itoke wapi? Angalia mabenki: kima chao kwenye amri hiyo hiyo ni 592,000, kimeipita hata serikali, kwa sababu wanazo. Kila sekta na uwezo wake.

Binti Ufipa
"Kila sekta na uwezo wake" ni maneno ya mtu aliyeshiba. Dukani siulizwi natoka benki au kiwandani, unga bei yake ni ile ile. Matajiri wa nchi hii wana uwezo, roho ndiyo hawana.

Mzee wa Azimio
Vijana hamkumbuki kitu. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alijikata mshahara wake mwenyewe asilimia 20 mbele ya wanafunzi wa chuo. Nitajieni wa leo.

Mchumi Bila Cheti
Oktoba 1966, mzee. Wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) ndipo akajikata. Azimio la Arusha, lile la ujamaa, lilikuja Februari mwaka uliofuata.

Mzee wa Azimio
Alijikata au hakujikata? Basi. Na hilo Azimio lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, kuwa na nyumba za kupangisha, kuwa na hisa. Mwaka 1991 chama tawala kikaenda Zanzibar kikalegeza yote, leo mnashangaa pengo limetoka wapi.

Tajiri Mtarajiwa
Na foleni za sabuni mzee usizisahau. Simulia yote.

Mzee wa Azimio
Foleni tulipanga wote, na mkurugenzi akiwemo. Tofauti ni hiyo, kijana.

Mama Wawili
Naingilia kidogo. Binti Ufipa umeongea vizuri sana habari za roho za matajiri. Una dada wa kazi? Unamlipa ngapi? Maana humu kila mtu ni mnyonge mpaka ufike jikoni kwake.

Binti Ufipa
Hilo nalo limetoka wapi? Kwa kuwa umeuliza: namlipa elfu 50 na haiguswi. Anakula kwangu, analala kwangu, akiumwa natibu mimi, sabuni, mafuta, vocha juu yangu. Sikukuu namvalisha. Ukijumlisha vyote ananizidi mimi niliyemwajiri.

Wakili wa Kijiweni
Dada, elfu 50 iko chini ya sheria. Amri hiyo hiyo mnayoitaja humu: anayelala kwa mwajiri ni 60,000, asiyelala ni 120,000. Ukiwa kiongozi mwenye stahiki ya kuwa na mfanyakazi wa nyumbani ni 200,000, na kwa mabalozi na wafanyabiashara wakubwa ni 250,000.

Tajiri Mtarajiwa
Mi nilijua ni 40,000.

Wakili wa Kijiweni
Hiyo ni amri ya 2013.

Binti Ufipa
Kwa hiyo leo adui wa wafanyakazi Tanzania nimekuwa mimi, kwa elfu kumi. Mshahara wangu ni laki tatu na kitu. Toa kodi ya nyumba, toa nauli ya kwenda na kurudi, toa ada ya mtoto. Hiyo elfu kumi niitoe wapi? Mnataka nimrudishe kijijini akakose hata hiyo 50?

Mama Wawili
Umesikia ulichoandika? "Niitoe wapi, nikilazimishwa nampunguza." Mwenye kiwanda cha Kuli anasema hivyo hivyo, na yeye ulimwambia hana roho.

Binti Ufipa
Usinifananishe na mtu mwenye magari sita. Mimi napanda daladala.

Kuli wa Zamani
Jamani, mada ilikuwa viwanda.

Sina Makuu
Ngoja niseme, maana nimewahi kuwa huyo dada. Nililetwa mjini kutoka Iringa na shangazi, sijamaliza hata kukua. Hilo la "anakula, analala" nalijua vizuri. Nilikuwa nalala sebuleni, kwa hiyo nalala wageni wakishaondoka na mpira ukishaisha kwenye televisheni. Saa kumi na moja niko jikoni. Kula ndiyo, nilikula, ila sahani yangu ilikuwa ya plastiki ya bluu, inaoshwa peke yake, inawekwa chini ya sinki na si kabatini. Mshahara alikuwa anapokea shangazi. Nikiuliza naambiwa unatunziwa. Sijui ulitunzwa benki gani.

Msijumlishe chakula kwenye mshahara wa mtu. Mbona ninyi kazini mkipewa chai ya saa nne hamwambiwi imekatwa kwenye posho?

Baba Kijacho
Pole dada. Lakini na wao wana mambo yao, tusiwafanye malaika. Wa kwetu aliondoka Jumapili tukiwa kanisani, na simu ya mke wangu ikaondoka.

Sina Makuu
Ulikuwa unamlipa kwa wakati?

Baba Kijacho
Hilo halihusiani na wizi.

Mama Wawili
Hajajibu.

Wakili wa Kijiweni
Tukiwa hapo hapo: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haimbagui dada wa kazi. Saa 45 kwa wiki, siku ya mapumziko kila wiki, likizo ya siku 28 yenye malipo kwa mwaka. Kuna yeyote humu anayempa hizo 28?

Binti Ufipa
Siku 28! Mtoto nimwachie nani, wewe?

Mchumi Bila Cheti
Mimi nafurahia tu. Nilisema uwezo nikaitwa mtu aliyeshiba. Sasa mpiganaji mkuu kakwama kwenye elfu kumi, anajitetea kwa uwezo.

Binti Ufipa
Wewe kaa kimya, mchumi usiye na cheti. Tofauti ni kwamba bosi akipandisha mshahara anapunguza faida. Mimi nikipandisha napunguza chakula. Faida na chakula ni kitu kimoja?

Mzee wa Azimio
Hapo binti kasema. Hilo mmjibu.

Mama Wawili
Lina uzito, sikatai. Lakini anayekula hiyo tofauti mwisho wa mwezi ni yule wa jikoni, siyo bosi wako wala wewe. Halafu Kuli wa Zamani ndiye mwenye mada, bado hajatuambia. Kwako nani anafua?

Kuli wa Zamani
Kwangu hakuna dada wa kazi. Kuna mpwa wa mke wangu, anakaa nasi, anasaidia saidia. Hatumlipi kwa sababu ni mtoto wa nyumbani.

Mama Wawili
Anasoma?

Kuli wa Zamani
Turudi kwenye mada. Nimesema 150,000 kwa mwezi, mtu ana familia.

Sina Makuu
Kaulizwa anasoma.

Tajiri Mtarajiwa
Samahani kutoka nje ya mada: kuna anayemfahamu dada wa kazi mzuri, asiyelala? Niko Kimara. Malipo maelewano.

Wakili wa Kijiweni
Asiyelala ni 120,000.

Tajiri Mtarajiwa
Nimesema maelewano.