Nakula vizuri na nakunywa maji lita 4 kwa siku lakini uso unazidi kuchoka, nakosea wapi?

Ua_la_Asubuhi
Habarini wadau, naomba ushauri wa kweli maana nimechoka kuzunguka. Nina miaka 38, pombe sinywi, sigara sivuti, na mwaka jana niliamua kwamba ngozi yangu nitaitunza kwa chakula kuliko kujipaka makemikali. Asubuhi nakunywa maji ya vuguvugu na limau, kutwa nzima maji mpaka lita 4, juisi ya matunda glasi mbili kubwa (nasaga mwenyewe nachuja), mchana saladi, usiku sili kitu au nakula tunda tu basi. Pia nina kolajeni ya unga nachanganya kwenye maji na vidonge vya bayotini vya nywele na kucha. Nimepungua kilo 9 ndani ya miezi minne. Sasa badala ya kung'aa uso umekuwa kama umenyauka, pembeni ya mdomo kuna mistari, paji la uso lina mikunjo ambayo mwaka jana haikuwepo, na shavu la kulia limeanza weusi ambao la kushoto halina. Nywele nazo nikichana zinatoka nyingi. Dada yangu ananizidi miaka 6 na juzi mtu kaniuliza mbele ya watoto wangu kama mimi ndiye mkubwa, nikaenda kulia chooni. Kuna chakula gani nimekosa? Au niongeze vitamini gani? Msinifiche kitu.

Kipepeo
Pole sana shosti. Mimi nakula parachichi kila siku na ngozi iko poa, jaribu. Hilo doa kata limau usugue asubuhi kabla hujatoka, wiki mbili tu linaondoka.

NesiMstaafu
Naanza na hilo la limau kabla mtu hajaenda jikoni. TAFADHALI usisugue. Maji ya limau au ndimu yakibaki kwenye ngozi halafu jua likapiga, yana kemikali ambazo jua linaziamsha zinakuunguza, unatoka malengelenge na yakipona yanaacha weusi mbaya kuliko ule uliokuwa unautoa. Nimewahudumia watu wa hivyo na alama zinakaa muda mrefu.

Sasa mwanangu, wewe hujakosa vitamini, wewe una njaa. Soma tena ulichoandika halafu uniambie kwenye siku yako nzima protini iko wapi. Ngozi imeshikiliwa na kolajeni, kolajeni ni protini, na mwili unaijenga wenyewe kwa kile unachokula, mayai, samaki, nyama, maharage, maziwa, karanga. Mtu mzima anahitaji angalau kama gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, yaani ukiwa na kilo 60 ni gramu 48, na yai moja lina kama gramu 6, piga hesabu saladi na tunda vinakufikisha wapi. Chakula kikipungua mwili unatangulia kulisha moyo na viungo vya ndani, nywele na ngozi vinasubiri. Kutoka nywele miezi miwili mitatu baada ya kupungua uzito kwa kasi tunakuona sana, na mara nyingi zinarudi mtu akianza kula. Halafu zile kilo 9 sehemu yake yalikuwa mafuta ya chini ya ngozi ya uso, ndiyo yaliyokuwa yanajaza mashavu.

Kolajeni ya unga ikifika tumboni inakatwakatwa kama protini nyingine, haina njia ya kwenda moja kwa moja shavuni. Zipo tafiti zilizoona ngozi inalainika kidogo ila nyingi zimelipiwa na wauzaji, ndiyo maana mimi hela yangu ningeiweka kwenye mayai na samaki.

Vitamini C ndiyo kweli inahitajika, bila hiyo kolajeni haijifungi vizuri. Mabaharia wa zamani waliokaa miezi baharini bila matunda wala mboga fizi zilikuwa zinatoka damu na hata makovu ya zamani yaliyokwisha kupona yalikuwa yanafunguka upya, maana kolajeni inajengwa na kubomolewa kila siku, hata kwenye kovu. Mwaka 1747 daktari wa meli James Lind aliwagawa wagonjwa 12 wawili wawili, na wale wawili aliowapa machungwa na malimau ndio waliopona haraka. Lakini hitaji lenyewe ni dogo, chungwa moja la wastani linakaribia kulimaliza kwa siku. Ukishatosheka, kuongeza vidonge unavikojoa tu.

Juisi iache, ule tunda lenyewe. Ukichuja unatupa nyuzinyuzi unabaki na sukari, na sukari ikizidi kwenye damu inajigandisha kwenye kolajeni, ile kolajeni inakakamaa inakosa mnyumbuko, na mwili unapata shida kuiondoa ikishafika hapo. Hii ndiyo sababu watu wenye kisukari kisichotulizwa ngozi zao zinakuwa ngumu. Hata kwa wenye chunusi, Australia mwaka 2007 vijana 43 walijaribiwa kwa wiki 12, waliopunguza vyakula vinavyopandisha sukari haraka chunusi zao zilipungua kuliko wenzao.

Na maji, lita 4 hazina kosa kama figo zako nzima, ila hazilainishi uso. Kunywa ukisikia kiu, mkojo ukiwa njano hafifu umetosheka.

La mwisho, nenda kapime damu, wingi wa madini ya chuma na tezi ya shingo, maana nywele kutoka na uso kuchoka vinaweza kutokea huko pia. Ila mwambie anayekupima kwamba unameza bayotini. Bayotini kwa dozi kubwa inavuruga majibu ya maabara, ya tezi hasa, na hata kipimo kimoja cha moyo, Marekani mamlaka ya chakula na dawa ilitoa onyo mwaka 2017. Watu wengi hawasemi kwa sababu wanaona ni vitamini tu.

Mzigo_Usiku
Dada mimi si mtaalamu ila hilo la shavu moja limenishtua. Unakaa upande gani wa dirisha kazini au kwenye gari? Nauliza kwa sababu mimi ni dereva, na kuna picha ilitoka mwaka 2012 kwenye jarida la madaktari la Marekani, mzee wa miaka 69 aliyeendesha gari la mizigo miaka 28, upande wa kushoto wa uso uliokuwa dirishani umekunjamana kama wa mtu mwingine kabisa, wa kulia uko kawaida. Mtu mmoja, chakula kilekile, usingizi uleule. Niliiona nikajiangalia kwenye kioo nikaelewa. Kioo cha dirisha kinazuia ile miale inayobabua lakini ile nyingine inayoingia ndani kabisa mpaka kwenye kolajeni inapita, na husikii joto wala kuungua, kwa hiyo hujui kama unaumia.

Ua_la_Asubuhi
Shikamoo mama Nesi, nimesoma mara tatu. Sikuwahi kufikiri kwamba nina njaa, nilijiona nina nidhamu. Jana usiku nimekula samaki na mboga na maharage, nimelala fofofo mpaka asubuhi.

Kaka Mzigo, meza yangu ya kazi iko dirishani, dirisha kulia kwangu, mwaka wa saba huu!! Jua la mchana linanipiga shavuni na mimi huwa nafurahi kwamba napata mwanga. Nimekaa nimeduwaa.

Ngoja niwaambie na jingine, kuna krimu nimeletewa na mwenzangu kazini, kopo halina lebo, anasema linatoa weusi siku 7. Nilikuwa nianze leo.

Sitaki_Tena
Usianze. Nakuomba. Mimi nilitumia mkorogo miaka miwili, wiki ya kwanza nilikuwa naulizwa siri ni nini, nilifurahi sana. Mle ndani kulikuwa na steroidi kali (dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho), ilivyokuja kujulikana ngozi imeshakuwa nyembamba mishipa inaonekana, nikipika moto wa jiko unaniwasha. Nilipoacha uso ulivimba ukawaka miezi, chunusi kila mahali, na unatamani kurudia kwa sababu ukipaka tena inatulia. Krimu zisizo na lebo nyingine zina zebaki, hiyo inapita kwenye ngozi inakwenda kuharibu figo, na watoto wanaokulalia wanaipata pia. Mkataba wa kimataifa wa Minamata uliweka vipodozi vya zebaki kwenye orodha ya vitu vya kukomeshwa lakini bado vinapita mitaani. Kinachotoa weusi siku 7 kinatoa na vingine. Weusi wa kweli ukitibiwa vizuri unachukua miezi, kamuone daktari wa ngozi, kuna weusi wa jua, kuna wa homoni (ujauzito, vidonge vya uzazi wa mpango), dawa hazifanani.

BibiWajukuu9
Hamjambo wanangu. Mimi nina miaka 67 na wakiniuliza napaka nini nasema nalala. Saa tatu usiku taa imezimwa, saa saba nane za usingizi sizikosi. Mwili unajikarabati usiku, ukikesha kila siku uso ndio unaotangaza. Jingine, msioge maji ya moto sana, na mkitoka msijisugue na taulo mpaka pakauke, fanyeni kujigusagusa, ngozi ikiwa bado na unyevu ndipo mpake mafuta. Mafuta ya mgando ya kawaida yanazuia maji kutoka kwenye ngozi kuliko vingi vya bei. Usoni kama una chunusi tafuta losheni nyepesi yenye glisirini. Na baada ya hedhi kukoma mtaona ngozi inalegea haraka miaka ile ya mwanzo, ni homoni imeshuka, msije mkadhani mmekosea chakula mkaanza kujinyima.

Kipepeo
Naomba radhi kwa ushauri wa limau, sikujua. Mama Nesi, sisi weusi si tuna kinga ya asili? Nani anapaka mafuta ya jua.

NesiMstaafu
Marahaba Ua, nimefurahi umelala. Kipepeo usijali, wengi tumefundishwa hivyo.

Kinga tunayo na ndiyo maana tunachelewa kukunjamana, melanini, ile rangi ya asili ya ngozi, inasaidia sana. Ila haitoshi peke yake, na ngozi nyeusi kinachoitangulia si makunyanzi, ni madoa na rangi kutolingana, kama hilo shavu. Kwamba mafuta ya kukinga jua yanasaidia kuchelewesha kuzeeka si maneno ya matangazo. Australia waliwafuatilia watu wazima 903 walio chini ya miaka 55 kwa miaka 4 na nusu, nusu wakaambiwa wapake kila siku, nusu wapake wanavyojisikia, majibu yakatoka 2013, waliopaka kila siku kuzeeka kwa ngozi kulikuwa pungufu kwa asilimia 24. Walikuwa weupe wengi wao, hilo nalisema wazi.

Ua_la_Asubuhi
Mimi nikipaka hayo mafuta nabaki na weupe kama majivu, ndiyo maana niliacha.

NesiMstaafu
Tafuta yenye rangi ya ngozi, yale ya kahawia. Rangi ile ni oksidi ya chuma, na inazuia hata mwanga wa kawaida unaoonekana, ambao kwenye ngozi yetu unachochea weusi, yale meupe au yasiyo na rangi hapo hayafui dafu. SPF (namba ya kinga ya jua kwenye kopo) iwe 30 au zaidi, na iandikwe kwamba inakinga miale ya UVA pia, ile aliyosema Mzigo inayopita kwenye kioo. Kipimo ni mistari miwili kwenye vidole viwili kwa uso na shingo, watu wengi wanapaka tone wanashangaa halifanyi kazi. Ukiwa nje juani rudia kila baada ya saa mbili.

Ua_la_Asubuhi
Sawa mama. Kopo nimemrudishia mwenyewe na nimemweleza. Bayotini nimeiacha, nitapima damu wiki ijayo. Jumatatu naomba kuhamishiwa ile meza ya ukutani, wakikataa nitaweka pazia.

Mzigo_Usiku
Weka pazia hata wakikubali, atakayekaa hapo baada yako naye ana shavu.