Naomba ushauri: waridi fupi la pinki badala ya The Fairy

Hamjambo wapenzi wa maua. Vitalu vyote nilivyouliza hapa Nairobi havina The Fairy, aina ya waridi fupi la pinki. Kitanda changu cha maua kina upana wa sentimita 70 kando ya njia, jua saa sita kwa siku. Udongo ni ule mweusi unaotuamisha maji na kuozesha mizizi, kwa hiyo nimeuinua sentimita 30 kwa mboji na kokoto.

Waridi la Bonica ni imara, ila hupita mita moja na itaziba njia. Flower Carpet ni fupi, lakini pinki yake ni kali mno kwa macho yangu. Vile viwaridi vya chungu navyo, baridi ya Julai ikiingia, huvaa ukungu mweupe.

Waridi lipi jingine huhimili ugonjwa wa madoadoa meusi ya majani wakati wa masika bila dawa kila wiki? Au mwenye The Fairy anikatie vijiti vitatu vya kupanda vilivyokomaa, sentimita 15.